Silaha za Maangamizi Mikononi mwa Magaidi: Hatari Nne Zilizofungwa Furushi Moja

Katika mijadala ya usalama wa taifa, silaha za maangamizi huzungumziwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mazoea hayo yana umri mrefu. Mwaka 1948 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia silaha za kawaida ilitenga kundi la silaha zisizo za kawaida, na ndani yake ikaweka silaha za atomiki, silaha zinazotumia vitu vya mionzi, silaha za kemikali na za kibiolojia zenye kuua, pamoja na nyingine yoyote itakayobuniwa baadaye ikiwa na madhara yanayolingana na hizo. Kwa wanadiplomasia waliotaka kuzipiga marufuku, mkusanyo huo ulikuwa na manufaa. Kwa raia anayetaka kujua kama magaidi wanaweza kuzipata, na serikali yake ifanye nini kuwazuia, unapotosha. Bomu la nyuklia, unga wa sesiamu wenye mionzi, gesi ya sarini inayoshambulia neva na vimelea vya kimeta vinatofautiana karibu katika kila jambo linalohusu usalama: ugumu wa kuvipata, idadi ya watu vinavyoweza kuua, muda unaopita kabla shambulio halijagundulika, na aina ya mtu atakayekabiliana nalo kwanza, ambaye mara nyingi si askari.

Kabla ya kuzichambua moja moja, ni haki kusema wazi kwamba karibu watu wote waliouawa na magaidi waliuawa kwa silaha za kawaida. Mashambulizi ya tarehe 7 Agosti 1998 dhidi ya balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua zaidi ya watu 200, yalifanywa kwa magari yaliyosheheni vilipuzi. Tarehe 11 Septemba 2001 watu wapatao 3,000 waliuawa na watekaji nyara wa ndege ambao hawakuwa na bunduki wala sumu. Kwa upande mwingine, ukijumlisha waliokufa katika mashambulizi mawili ya sarini nchini Japani na katika barua za kimeta nchini Marekani, yaani matukio ambayo kila mtaalamu huyataja, hawafiki 30. Hesabu hiyo haimruhusu mtu kulala usingizi, kwa sababu hatari hupimwa kwa mambo mawili, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa msiba likitokea, na katika silaha mbili kati ya hizi nne, ya nyuklia na ya kibiolojia, ukubwa wa msiba hauna mfano katika historia ya ugaidi. Inachoonyesha ni kwamba kuna kikwazo fulani kimekuwa kikiwazuia watu wenye nia hiyo, na kazi ya usalama ni kukifahamu kikwazo hicho na kukiimarisha.

Kwa bomu la nyuklia, kikwazo hicho ni malighafi. Urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu na plutoniamu haziokotwi ardhini zikiwa tayari. Hutengenezwa katika mitambo mikubwa inayomeza mabilioni ya dola, maelfu ya wataalamu na miaka mingi, na hakuna kundi la kigaidi lililowahi kukaribia kuwa na mtambo wa aina hiyo. Njia iliyobaki kwao ni kuiba au kununua kile ambacho dola zimekwisha kukitengeneza. Ndiyo maana kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991 kuliwatia hofu kubwa watu waliofahamu mambo hayo: mali ya nyuklia ilikuwa imetawanyika katika maghala ambayo walinzi wake hawakuwa na uhakika wa mishahara. Mwaka huohuo maseneta wa Marekani Sam Nunn na Richard Lugar waliongoza sheria ya kutoa fedha za kulinda na kuharibu silaha za adui wa jana. Mwaka 1994 kiasi cha kilo 600 hivi za urani iliyorutubishwa kiliondolewa kwa siri katika kiwanda kimoja mashariki mwa Kazakhstan na kusafirishwa kwa ndege hadi Marekani. Chini ya makubaliano ya mwaka 1993, tani 500 za urani kutoka katika silaha za Urusi zilipunguzwa nguvu na kutumika kama mafuta ya kuzalisha umeme nchini Marekani, kazi iliyokamilika mwaka 2013.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyowahi kufanywa dhidi ya ugaidi wa nyuklia, ingawa haikuwahi kupata heshima inayostahili, maana tukio lililozuiwa halina picha za kuonyesha. Iliendelea hata katika vinu vidogo vya utafiti: Ghana mwaka 2017 na Nigeria mwaka 2018 zilibadilisha mafuta ya vinu vyao na kurudisha China urani iliyokuwa imerutubishwa kwa kiwango cha juu. Hata hivyo ulinzi wa mali iliyobaki si kamili. Usiku mmoja wa Novemba 2007 watu wenye silaha waliupita uzio wa umeme wa kituo cha nyuklia cha Pelindaba nchini Afrika Kusini, nchi iliyowahi kuunda mabomu sita ya nyuklia na kuyavunja kwa hiari yake, wakaingia katika chumba cha kuongozea shughuli za dharura, wakampiga risasi mfanyakazi mmoja, kisha wakatoroka. Hawakufika palipohifadhiwa urani. Lakini walifika mbali kuliko mtu yeyote asiyehusika anavyopaswa kufika mahali kama pale.

Silaha ya mionzi, maarufu kwa jina la bomu chafu, ni kitu kingine kabisa. Ni kilipuzi cha kawaida kinachotawanya vumbi la mionzi. Hakuna mpasuko wa atomu, na watakaokufa papo hapo kwa kawaida ni wale waliouawa na mlipuko wenyewe. Madhara yake makubwa yako kwingine, na tukio linaloyaeleza vizuri zaidi halikuhusu ugaidi hata kidogo.

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, wanaume wawili waliokuwa wakisaka vyuma vya kuuza waliingia katika jengo lililoachwa na kliniki ya tiba ya mionzi na kung’oa sehemu ya mashine iliyotelekezwa humo. Ndani yake mlikuwa na kopo dogo la chuma lenye sesiamu-137. Mwenye duka la vyuma chakavu aliyeinunua aliona usiku kwamba kilichomo ndani kinatoa mwanga wa buluu, akavutiwa, akawaita ndugu na marafiki waje kutazama. Baadhi waliondoka na chembechembe zake na wengine walijipaka ngozini. Mtoto wa kike wa miaka sita alikula chakula akiwa na unga huo mikononi. Watu wakaanza kutapika na kuharisha, na hakuna daktari aliyefikiria mionzi. Aliyeunganisha mambo ni mke wa mwenye duka: aliona wagonjwa wote wamepita kwake, akakitia kile kifaa ndani ya mfuko, akahakikisha kinapakiwa katika basi la abiria na kufikishwa kwa maofisa wa afya. Kesho yake mtaalamu wa fizikia ya tiba alipolikaribia eneo hilo na kipimo cha mionzi, mshale ulipanda hadi mwisho. Akadhani kipimo kimeharibika, akarudi kuchukua kingine.

Watu wanne walifariki, wakiwemo mama huyo na mtoto yule. Waliokutwa na chembe za mionzi juu ya miili yao au ndani yake walikuwa 249. Lakini waliopimwa, wengi wao wakiwa wamepanga foleni katika uwanja wa mpira, walizidi 112,000. Nyumba zilibomolewa, udongo wa juu ukakwanguliwa na kupelekwa kuzikwa, na wakazi wa mji huo wakawa wanakataliwa hotelini katika miji mingine. Siku ya kumzika yule mtoto, katika jeneza lililofunikwa kwa madini ya risasi, umati wa watu ulirusha mawe kuzuia mazishi kwa kuhofia kwamba makaburi yangechafuka.

Hayo yalitokea bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Ukiongeza nia mbaya na mlipuko, utaona kwamba bomu chafu ni silaha ya kuvuruga maisha, kufunga mitaa na kuharibu uchumi wa mji kwa miezi au miaka, kuliko kuwa silaha ya kuua watu wengi. Utaona pia kwamba chimbuko lake si maghala ya kijeshi. Vyanzo vya mionzi viko katika hospitali za saratani, benki za damu, viwanda vya kutakasa vifaa vya tiba, na katika mikono ya mafundi wanaokagua viungo vya mabomba. Desemba 2013 lori lililobeba mashine chakavu ya tiba yenye kobalti-60 liliibwa nchini Mexico. Kila dalili ilionyesha kwamba wezi walilitaka lori tu, na mzigo ulipatikana baada ya siku chache ukiwa umefunguliwa na kutupwa. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa taifa dhidi ya bomu chafu ni daftari la serikali linaloonyesha kila chanzo cha mionzi kiko wapi, ni cha nani, na kitarudishwa kwa nani kikishazeeka. Mahali ambapo teknolojia inaruhusu, njia bora zaidi ni kukiondoa kabisa, kama zinavyofanya benki za damu zinazobadilisha mashine za sesiamu na kuweka za eksirei, ambazo ukizizima hazina tena chochote cha kuibwa.

Kwa silaha za kemikali, dunia ina mfano mmoja uliochunguzwa kwa kina. Dhehebu la Aum Shinrikyo nchini Japani, chini ya kiongozi wake Shoko Asahara, lilikuwa na kila kitu ambacho kundi la kigaidi linaweza kutamani: fedha nyingi, wanasayansi waliosoma katika vyuo vikuu vizuri, majengo yake lenyewe karibu na Mlima Fuji na maelfu ya wafuasi ndani na nje ya nchi. Lilianza na biolojia, likashindwa. Mwaka 1993 lilinyunyiza vimelea vya kimeta kutoka juu ya jengo lake jijini Tokyo. Majirani walilalamikia harufu mbaya lakini hakuna aliyeugua, kwa kuwa aina waliyoitumia ilikuwa ile isiyo na madhara ambayo hutengenezewa chanjo. Likageukia sarini. Tarehe 27 Juni 1994 liliishambulia kwa gesi hiyo sehemu ya mji wa Matsumoto, likiwalenga mahakimu waliokuwa na kesi yake ya ardhi. Watu saba walikufa, na wa nane alifariki miaka mingi baadaye bila kuwahi kupona. Polisi na vyombo vya habari vilimwelekezea kidole mkazi aliyekuwa wa kwanza kupiga simu ya dharura, ambaye mke wake mwenyewe alikuwa mahututi.

Asubuhi ya tarehe 20 Machi 1995 wafuasi watano walipanda treni za chini ya ardhi za Tokyo zilizokuwa zikielekea Kasumigaseki, eneo lenye ofisi za serikali, wakiwa na mifuko ya kimiminika iliyofungwa kwa magazeti, wakaitoboa kwa ncha za miavuli na kushuka. Kilichofuata katika hospitali ya St. Luke kinastahili kusomwa na kila anayepanga bajeti ya usalama wa taifa. Hospitali hiyo ilipokea watu 640 siku hiyo, wengi wao katika saa ya kwanza, na walio wengi walifika kwa miguu au kwa teksi na magari ya watu binafsi, hivyo hawakuwa wamevuliwa nguo wala kuoshwa. Kikosi cha zimamoto kilitoa taarifa ya awali iliyotaja kemikali isiyo yenyewe. Wagonjwa wasio na hali mbaya walipelekwa katika kanisa la hospitali, ambalo halikuwa na hewa ya kutosha, na mvuke uliotoka katika nguo zao ukawadhuru wauguzi. Zaidi ya wafanyakazi 100 wa hospitali walipata dalili. Madaktari walithibitishiwa kwamba ni sarini walipoona tangazo la polisi kwenye televisheni, saa kadhaa baada ya mgonjwa wa kwanza kufika. Msaada mwingine ulitoka kwa daktari aliyekuwa amewatibu wahanga wa Matsumoto miezi tisa kabla: alitazama habari, akazitambua dalili, akawasiliana na hospitali za Tokyo kuwaeleza alichokiona wakati ule na dawa zilizofaa.

Waliokufa ni 13, na mwingine aliongezeka baada ya miaka mingi. Waliotibiwa walizidi 5,000. Kundi lenye rasilimali zote zile halikufikia hata sehemu ndogo ya mauaji lililoyakusudia, kwa sababu kutengeneza kemikali iliyo safi kwa wingi na kuisambaza ipasavyo ni kazi ngumu hata kwa wasomi. Naona makosa, hata hivyo, kumalizia hapo na kujifariji. Iliyoamua nani aishi asubuhi ile ilikuwa akiba ya dawa, maji ya kuwaosha watu, milango ya kupitishia hewa na simu ya daktari mmoja kwa mwenzake.

Silaha za kibiolojia zinatofautiana na hizo zote kwa jambo moja: hazina mlipuko wala harufu, na shambulio linaweza kupita bila kujulikana kwamba ni shambulio. Mwaka 1984, katika mji mdogo wa The Dalles jimboni Oregon, wafuasi wa kundi la kidini la Bhagwan Shree Rajneesh walichafua saladi za migahawani kwa bakteria wa salmonela ili wapiga kura wa eneo hilo wawe wagonjwa siku ya uchaguzi wa wilaya. Watu 751 waliugua. Wachunguzi wa afya walielekea kuamini kwamba ni uchafu wa wahudumu wa jikoni, na ukweli ulijulikana takriban mwaka mmoja baadaye, kundi lilipogawanyika na viongozi wake kuanza kushtakiana.

Barua za kimeta zilizotumwa nchini Marekani mwezi Septemba na Oktoba 2001 ziliua watu watano na kuwafanya wengine 17 waugue. Miongoni mwa waliokufa ni watumishi wawili wa posta waliofanya kazi katika kituo kilichoendelea kufunguliwa wakati jengo la maseneta limekwisha kufungwa, kwa sababu wataalamu hawakuamini kwamba vimelea vinaweza kupenya bahasha iliyofungwa. Uchunguzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ulihitimishwa mwaka 2010 kwa kumtaja Bruce Ivins, mwanasayansi wa maabara ya jeshi la Marekani huko Fort Detrick, ambaye alikuwa amejiua mwaka 2008 kabla ya kushtakiwa. Hapakuwa na genge la kigeni wala mpaka uliovukwa. Kwa mujibu wa wachunguzi, kimeta kilitoka ndani ya taasisi iliyoundwa kulinda nchi dhidi yake, na hilo linabadilisha kabisa swali la nani anapaswa kuchunguzwa na kwa utaratibu gani. Nchi inayojenga maabara nyingi zaidi za vimelea hatari kwa jina la kujikinga huongeza pia idadi ya watu wenye funguo.

Idara za ujasusi nazo zimekosea katika pande zote mbili. Nchini Japani dalili zilikuwepo: mabaki yanayohusiana na sarini yalikutwa kwenye udongo karibu na majengo ya Aum, na gazeti la Yomiuri liliandika habari hiyo tarehe 1 Januari 1995, lakini vyombo vya dola vilisita kulivamia dhehebu lililosajiliwa kisheria, na msako uliopangwa ulikuja kutanguliwa na shambulio lenyewe kwa siku mbili. Miaka minane baadaye kosa likawa la kinyume. Tarehe 5 Februari 2003 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraq ina silaha za maangamizi na uhusiano na magaidi. Nchi ikavamiwa mwezi uliofuata. Na mwaka 2004 wakaguzi wa Marekani wenyewe wakaripoti kwamba maghala hayo hayakuwepo. Vurugu iliyofuata ilichangia kuzaliwa kwa kundi la Dola la Kiislamu, ambalo uchunguzi wa pamoja wa Umoja wa Mataifa na Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, OPCW, ulithibitisha kwamba lilitumia sumu ya haradali, kemikali inayobabua ngozi, katika mji wa Marea nchini Syria mwezi Agosti 2015. Hofu inapozidi ushahidi, inaweza kuzaa hasa kile kilichohofiwa, na raia wana haki ya kudai ushahidi kila wanapotakiwa kukubali vita au kupunguziwa uhuru kwa jina la silaha hizi.

Sheria ya kimataifa imejaribu kuziba mianya. Azimio namba 1540 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 28 Aprili 2004, miezi michache baada ya mwanasayansi wa Pakistan A.Q. Khan kukiri kwamba aliuza ujuzi wa nyuklia nje ya nchi, linaitaka kila dola iwe na sheria za kuwazuia watu na makundi yasiyo ya kiserikali kupata silaha hizi, na iwe na ulinzi wa malighafi na udhibiti wa mipaka. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, ulioanza kufanya kazi mwaka 1997, una nchi wanachama 193 na wakaguzi wanaoingia viwandani, na Julai 2023 akiba ya mwisho kati ya zote zilizotangazwa iliteketezwa nchini Marekani. Huko ni kufaulu kwa kweli, ingawa klorini na kemikali nyingine za viwandani zitabaki kuwa za lazima na zitahitaji ulinzi.

Katika biolojia hakuna kinacholingana na hayo. Mkataba uliofunguliwa mwaka 1972 unazipiga marufuku silaha hizo lakini haukuunda wakaguzi. Muungano wa Kisovieti uliutia saini huku ukiendesha mradi mkubwa wa siri, uliojulikana baada ya kimeta kuvuja katika kituo cha kijeshi mjini Sverdlovsk mwaka 1979 na kuua zaidi ya watu 60. Urusi ilikiri mwaka 1992. Mazungumzo ya kuupa mkataba huo utaratibu wa ukaguzi yalivunjika Julai 2001 Marekani ilipoyakataa, miezi miwili kabla ya barua za kimeta. Kikosi kazi kilichoundwa Desemba 2022 kimerudi kwenye suala hilo.

Wakati huohuo kikwazo cha malighafi, ambacho ndicho kilichowazuia wengi kwa miongo mingi, kinalegea katika eneo hilo moja. Virusi vya ndui vilivyotokomezwa na kutangazwa hivyo mwaka 1980 huhifadhiwa rasmi katika maabara mbili tu, moja Marekani na nyingine Urusi. Lakini mwaka 2018 watafiti nchini Canada walichapisha maelezo ya jinsi walivyounda upya virusi vya ndui ya farasi, ndugu wa karibu wa vile vya binadamu, kwa vipande vya DNA walivyoviagiza kwa kampuni kama bidhaa nyingine yoyote. Kampuni nyingi za aina hiyo zimekubaliana kwa hiari kukagua maagizo na kuuliza mnunuzi ni nani. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayowalazimisha, na kampuni isiyokagua haivunji kanuni yoyote.